Maji Baina ya Kinyuni na Pwani

Jang'ombe,
Unguja.
28 Machi 1973

Mpendwa Mjomba Mcha,

Assalaam alaikum. Shikamoo, na shikamoo nyengine ya kukuomba radhi kwa barua yangu ya mwezi uliopita, ambayo najua ilikutia wahka. Goti linaendeleaje? Yale mafuta niliyokupelekea unajipaka, au umeyaweka kabatini kama ulivyoyaweka ya mwaka juzi? Nijibu kweli, maana mkeo Bi Biasha ataniambia tu.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Watoto wazima, mama mzima, na Muhiddin mume wangu mzima na ameanza tena kula. Masika yameingia kwa vishindo. Paa linavuja pale pale ulipopaziba mwenyewe, kwa hiyo kila ikinyesha tunakukumbuka.

Sasa nakwambia mapema usome kwa raha: kisiwa chetu cha Kinyuni kimesalimika. Haukatwi mti, haliguswi jani. Shusha pumzi, kunywa chai yako, kisha endelea.

Barua ile niliiandika na hasira, na mwenye hasira huruka mambo. Wacha nianze upya. Unajua Muhiddin ni mchoraji katika ofisi ya ramani mjini. Ndege ilipita juu ya Unguja yote ikipiga picha, na kazi yake yeye ni kuziweka zile picha mbili mbili chini ya miwani maalumu mpaka vilima vinainuka, kisha anaifuatisha pwani kwa kalamu ya wino. Ameshaichora Jozani na msitu wake, na mikarafuu ya Kizimbani safu kwa safu. Anasema sasa Wamarekani wamerusha chombo juu zaidi ya ndege, kinaizunguka dunia na kupiga picha hata visiwa ambavyo mabaharia hawajavikanyaga. Nikamwambia kikipita Jang'ombe kiniangalizie nani anayeniibia kanga zangu kambani.

Basi picha ya upande wetu wa kusini ilipigwa asubuhi ya bamvua, maji yamekupwa mpaka mwisho. Wewe mtoto wa pwani umeshaelewa. Muhiddin mtoto wa mjini, bahari anaijua kwa kuitazama kutoka Forodhani na muhogo wa kukaanga mkononi, hakuelewa. Aliona mchanga mweupe toka ufukweni kwetu mpaka Kinyuni, akauzungushia wino. Kisiwa kikawa rasi.

Ungesema wino ni wino tu. Lakini mwezi wa pili likatoka agizo kwamba matanuu ya chokaa yanataka kuni, majumba yanajengwa, na vichaka vya pwani ya kusini vikatwe. Visiwa vidogo viachwe, kwa ajili ya ndege wanaotaga na kasa wanaopanda kuzaa. Agizo zuri, wala sina la kusema. Ila kwenye ramani Kinyuni hakikuwa kisiwa tena. Msimamizi wa matanuu, Bwana Jaku, akaja kijijini na ramani kwapani, akawaambia watu kazi itaanza baada ya wiki sita.

Mama akapanda gari la shamba siku ile ile akaja kwangu. Hapa sharti nikukumbushe jambo. Tangu niolewe, mwaka wa tisa huu, mama hajapata kusema na Muhiddin uso kwa uso. Mkwe ni mkwe, na nyinyi watu wa kwetu mambo hayo mnayashika kwa meno. Akitaka chumvi na Muhiddin ndiye aliyeishika, huniambia mimi nimwambie. Siku ile alikaa kwenye mkeka, Muhiddin yuko hatua mbili anakula, akasema, "Mwanapili, mwambie bwana wako kuna mtu kachora nchi kavu pahala penye maji. Amtafute mtu huyo, amuulize kwao wapi."

Muhiddin alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha sahanini. "Mwambie mama," akasema, "mtu huyo ni mimi."

Lahaula, Mjomba! Mama aliuvuta ushungi, akanyanyuka, akaenda zake kulala kwa jirani. Hakutukana, na heri angetukana. Muhiddin tangu hapo chakula kikawa hakimpiti. Usiku na mchana anasema, nimekiua kisiwa cha watu kwa kalamu. Hapo ndipo nilipokuandikia, na machozi yakadondoka kwenye karatasi, wala usidhani ilikuwa mvua.

Alimwendea mkubwa wake wa kazi. Mkubwa akamjibu kwamba picha haisemi uongo na ramani ishapigwa chapa. Na unajua siku hizi, ukisema ramani ya serikali ina kosa utaulizwa kwanza nani kakutuma. Lakini Muhiddin akang'ang'ania, mpole mpole vile vile, kila asubuhi yuko mlangoni kwa mkubwa. Nilimuonea fahari, ingawa sikumwambia asije akavimba kichwa. Mwisho Bwana Jaku mwenyewe akasema, twendeni tukaone kwa macho, nani anaogopa? Watu wa kule na wachague siku.

Mama akachagua. Ati mwezi kumi na tano wa mwandamo, saa nne asubuhi. Bamvua lenyewe!

Muhiddin alishika kichwa. "Mama yako ananimaliza! Siku hiyo patakuwa pakavu kama ukumbini. Mwambie achague siku za maji mafu, maji hayatoki sana, Jaku aone bahari." Nikafunga safari mpaka kijijini kupeleka ujumbe. Mama alikuwa anapiga pweza juu ya jiwe, wala hakuinua uso. "Mwambie aje na kofia," akasema. "Jua kali."

Basi Jumanne ya wiki iliyopita nikaomba ruhusa skuli ninakosomesha, tukaenda. Tulikuwa sisi watatu, sheha wa kijiji na Bwana Jaku, suruali ameikunja magotini, viatu kavibeba mkononi, mwavuli kwapani. Na kweli pakavu, Mjomba. Tulivuka kwa miguu, maji hayafiki vifundoni. Jaku anahesabu hatua kwa sauti na kucheka. "Mia nne na ishirini, kavu! Bwana Muhiddin, ulichora sawa kabisa, kwa nini unajisingizia?" Muhiddin aliishusha kofia mpaka machoni. Mimi nilimtazama mama mgongoni nikasema moyoni, bibi huyu kachanganyikiwa.

Mama hakuwa na haraka. Alimtembeza Jaku Kinyuni chote. Alimuonesha mayai ya shakwe yalivyotagwa mchangani bila kiota, na Jaku alibaki mguu juu, kidogo tu akanyage mayai matatu, uso umembadilika. Alimuonesha mkokoto mchangani, njia ya kasa aliyepanda kuzaa. Akamwambia kwamba kule hakuwashwi moto, yai halichukuliwi, na pweza aliyeatamia hatolewi pangoni mwake, tangu kwa bibi wa bibi zake. "Ukiukata huu mti," akasema, "ndege wanahama. Ndege wakihama, mchanga unabaki peke yake, na bahari haina huruma na mchanga." Paa mmoja alitutazama toka kichakani akaingia ndani. Kisha mama akatandika kanga, akatoa muhogo wa kuchemsha na pweza mkavu, akasema, karibuni.

Tukala. Tukazungumza. Jaku ni mtu mcheshi kumbe, ana wajukuu saba na anawataja wote kwa majina. Saa saba hivi akatazama saa, akavaa viatu, akasema haya turudini.

Turudi wapi! Maji yalishafika kifuani, buluu, yanakwenda mbio, na mkondo wa katikati unazunguka kama chungu kinachochemka. Jaku alisimama pale na viatu vyake vizuri. "Bibi," akasema, "mbona hukutwambia?"

"Mlisema nchi kavu," mama akamjibu. "Mimi nani hata nibishane na picha?"

Wallahi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Hata sheha alicheka, kwa kujificha. Jaku alinuna kidogo, akakaa juu ya jiwe chini ya mwavuli, kisha naye kicheko kikamshinda. Tulikaa hapo mpaka saa kumi ngalawa ilipokuja kutuchukua. Muhiddin ndiye aliyekuwa mtu mwengine, Mjomba. Alikaa anayatazama yale maji kama mgonjwa aliyeambiwa homa imeondoka.

Tukingoja ngalawa, Jaku alitoa daftari aandike ripoti yake. Akauliza, "Mkondo huu unaitwaje? Siwezi kuandika maji yasiyokuwa na jina." Sheha akasema hauna jina, watu husema mkondoni tu.

Mama akarudisha ushungi nyuma. Akageuka, akamtazama Muhiddin usoni, mimi nipo hapo katikati yao, sina kazi.

"Muhiddin," akasema. "Andika, mwanangu. Mkondo wa Kurwa."

Mjomba, mimi nikijua mama kazaliwa pacha, na kwamba pacha wake alikufa mdogo. Kwa homa, ndivyo nilivyoambiwa. Sikupata kujiuliza kwa nini katika dunia hii wewe peke yako unamwita Doto na watu wengine wote wanamwita Mwanamkasi. Wala sikujiuliza kwa nini kila ukija Unguja unaishia hapa mjini, ukiambiwa twende kijijini goti linauma. Mama alitusimulia pale pale, kwa sauti ya kawaida, anafuta mchanga kwenye sahani. Walikuwa na miaka kumi, wamekwenda Kinyuni kuchokoa pweza. Walipokuwa wanarudi, Kurwa akakumbuka kikapu cha bibi, akarudi kukichukua. Mama akatangulia kuvuka. Alipogeuka, maji yalikuwa baina yao. "Bwana mkubwa," akamwambia Jaku, "sikuja kubisha kwa ajili ya kuni. Mmeandika pakavu pahala alipofia ndugu yangu. Kama ni pakavu, alikufa vipi?"

Jaku alivua kofia. Tuliposhuka kwenye ngalawa, pale ufukweni, akampa mama mkono wa kuagana kwa mikono miwili.

Jumatatu ya juzi barua imefika ofisini: Kinyuni ni kisiwa, kisiguswe, na ramani isahihishwe. Mkubwa wake Muhiddin akampa karatasi ile ile airekebishe, hakumuuliza nani kamtuma. Aliukwangua wino kwa wembe, taratibu, siku nzima, mpaka rasi ikakatika, akapitisha maji, akaandika jina kwa mkono wake mzuri ule. Alirudi nyumbani akala sahani tatu. Nikamwambia basi, mchele wenyewe wa foleni huu! Akasema niongeze.

Nakala moja kamletea mama, ambaye tangu safari ile yuko hapa kwetu. Mama hajui kusoma, lakini kila akiifungua kidole chake kinatua hapo hapo, hakikosei hata unywele. Sasa anamwita Muhiddin kwa jina toka chumba kimoja mpaka chengine, "Muhiddin, njoo uniwekee taa! Muhiddin, huu mlango mbona unalia?" mpaka masikini anaanza kuukumbuka ule ukimya.

Nisalimie Bi Biasha na watoto wote, na Mwalim jirani yako aliyetuletea tende. Shemsa binti yetu anakuamkia, ameingia darasa la kwanza na anaandika vizuri kuliko mimi. Maulidi ya mfungo sita tunayasubiri, Mungu atufikishe sote na afya, akupe umri na akuondolee uzito wa goti na wa moyo.

Nilitaka kufungia hapa, lakini mama amekaa ubavuni kwangu na ananishika mkono nisiikunje karatasi. Anataka niandike maneno yake kama yalivyo, nisiongeze pilipili. Anasema: "Mwambie Mcha tulimwacha ufukweni, tukamwambia apige kelele maji yakigeuka. Alikuwa na miaka mitano. Alilala chini ya mti wa mkadi, na mtoto wa miaka mitano hulala. Sikumlaumu siku ile na sijamlaumu mpaka leo, ila sikupata kumwambia, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa halitoki mdomoni. Sasa limetoka na limeandikwa. Aje kwao." Namuuliza yamekwisha, anasema bado. Anasema siku utakayokuja mtavuka pamoja kwa miguu kwenda Kinyuni, uchukue kofia, na ukichoka ulale unavyotaka. Safari hii atakaa macho yeye.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, pamoja na utani wangu wote,

Mwanapili