Waya chini ya kabati

Jumanne. Upepo umevuma na vumbi lake tangu asubuhi, nami nimechoka kama niliyeshinda shambani.

Saa nne nilikuwa na usaili wa mtandaoni, wa kazi ya kutafsiri. Kazi ambayo ningeifanya hapahapa nyumbani, bila kumwacha Baba peke yake. Laptop yangu ni kuukuu, Wi-Fi yake ilishakufa, inategemea waya wa intaneti tu. Simu yangu ya maana iliibiwa siku ya mazishi ya Mama kule kijijini Mvumi, katikati ya watu wanaolia. Sasa natumia kitochi, kisimu cha vitufe kisicho na intaneti, na ni kwa hicho walinipigia kunipa taarifa ya usaili.

Nikaiwasha laptop kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikachomeka waya.

Intaneti haikuja.

Nikazima, nikawasha. Nikapuliza tundu la waya, nikalisugua kwa mswaki wa zamani nikiamini ni hili vumbi letu la Dodoma. Taa ndogo ya kijani pembeni ya tundu haikuwaka. Chumbani kwa Baba, kisanduku cha intaneti kilikuwa kinawaka vizuri tu. Nikaitukana laptop, maskini, haikuwa na kosa.

Mwisho nikaona niuvute waya wote niukague. Unapita chini ya zulia la sebuleni, Mama ndiye aliyeupitisha. Ukagoma katikati. Nilipofunua zulia nikaukuta mguu wa kabati la vyombo umeukalia, umeukata kabisa.

Wakati wa msiba tulitoa makochi na makabati yote nje, watu wakakaa kwenye mikeka. Tulipoanua matanga, majirani wakayarudisha ndani. Basi leo nikawalaumu kwa sauti, Baba akanisikia.

"Si wao, mwanangu. Mimi ndiye niliyewaambia waliweke hapo. Sikutaka kupaona patupu."

Hapo ndipo kilipokuwa kiti cha Mama.

Nikapiga simu kuomba wanisogezee muda. Dada aliyepokea alikuwa mpole, akasema wameshaendelea na wengine. Nikaenda kulia jikoni, bomba nimelifungulia ili Baba asinisikie. Nilikuwa na hasira nyingi na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Jioni Baba aliniuliza kama alihamishe kabati. Nikamwambia aliache.

Kesho nitatafuta waya mrefu zaidi, niupitishe kando ya ukuta, ulizunguke.