Sanamu Zisizo na Masikio

Kitale, 14 Machi 2007

Mdogo wangu Ian,

Natumaini uko mzima huko Bungoma na ng'ombe wa chuo unachofundisha hapo Mabanga hawakusumbui. Sisi tumeshalima shamba, tunangoja mvua.

Katoni yako ya sanamu ndogo za ule mchezo wa vita wa mezani ilifika posta. Nimeifungua, usinikasirikie. Kapteni wenu ni yule yule na bunduki yake. Ila wale viumbe wa sayari nyingine wamebadilishwa. Wa zamani, wale ulipaka rangi hapa kwangu, walikuwa na masikio kama ya popo. Hawa wapya kichwa ni laini kama yai, hawana sikio hata moja.

Niliwapanga mezani nikasahau Baba yuko. Ndiyo, alishuka kutoka mlimani Jumanne ya wiki iliyopita. Anakula vizuri. Kitambaa cha kichwa hataki kutoa mbele ya watoto, na mimi humwosha vidonda vilivyo chini yake asubuhi wakishaenda shule. Umesikia kwa redio yale watu wenye bunduki wa msituni wanawafanyia wazee, kwa hivyo sitaandika.

Baba alichukua kiumbe mmoja, akampapasa kichwa pande zote mbili. Kisha akaniuliza polepole, "Hawa nao walikataa kusema mtoto wao yuko wapi?"

Ian, usije kuchukua katoni. Jana wanaume wawili nisiowajua walimuuliza jirani kama nina ndugu anayefundisha Bungoma. Jirani alisema ndiyo.

Ukimaliza kusoma, choma hii karatasi uondoke.

Ni mimi dada yako,
Agneta