Pango Ambalo Guka Hakulala

Wangechi na Wamae,

Nimeenda Wamagana kwa Cucu. Ng'ombe nimekamua, maziwa yafike kwa gari ya dairy kabla ya saa moja. Githeri iko kwa sufuria. Ongezeni chumvi, sikuwa na akili ya kuonja.

Wangechi, ile picha yetu ya jana pangoni, uliyoiandikia kwamba Guka alijificha hapo na Mau Mau, ~~ifute~~. Hapana, iache, lakini usimtumie mtu mwingine. Shangazi yako alimwonyesha Cucu, naye akanipigia alfajiri mkiwa bado mmelala. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Huyo baba yako aliyejificha hapo na Mau Mau ni nani?"

Nikasema ati mtandao ni mbaya, nikakata simu ya mama yangu.

Guka, huyo baba yangu, hakulala kwa pango lolote. Alikuwa ngati, askari wa wazungu. Alilinda kijiji na bunduki ili watu wa msituni wasipelekewe chakula. Jana yule wa kututembeza alipouliza ni nani ana mtu wake aliyejificha pale, mkono wangu ulipanda wenyewe. Mkanipigia makofi, hata wageni kutoka Nakuru wakaomba kupiga picha na sisi.

Msidhani nilikosea kwa kutojua. Nimejua tangu darasa la tano, wenzangu wakiniimbia neno hilo, ngati, njia nzima hadi kwa geti ya nyumbani, na Guka amekaa hapo anasikia.

Kuku wafungiwe kabla ya giza. Nikirudi niulizeni chochote.

Baba yenu,
mtoto wa ngati