Nyirinyiri ya Lusaka

Jumatatu, 7 Aprili
Shule zimefungwa. Nimekata nyama ya ngamia tangu alfajiri, vipande vidogo kama punje za mahindi. Mgongo unaniuma. Nyirinyiri ya binti yangu Hodan lazima ikauke vizuri kabla ya kukaangwa kwa samli. Mwanangu anajifungua huko Lusaka mwisho wa mwezi, mtoto wa kwanza, na mama hakosi kwa mtoto wa kwanza. Tiketi ninayo, moja tu: asubuhi Wajir hadi Nairobi, mchana Nairobi hadi Lusaka. Ya kwanza ikichelewa, shida ni yao.

Redio imesema zile kampuni mbili za ndege zinazokuja Wajir zimeungana. Heri. Umoja ni nguvu, ndivyo ninavyowafundisha watoto.

Alhamisi, 10 Aprili
Nguvu gani! Ndege ya Wajir imehamishiwa jioni. Ya Lusaka inaondoka mchana bado. Abdi wa ofisi ya tiketi, anayeniita shangazi, hakuniangalia usoni. "Eeddo, kambuni sasa ni moja, lakini tiketi imekuwa mbili, wallahi." Amenikatia upya. Jumamosi nilale Nairobi kwa binamu, Jumapili Lusaka. Nikikosa ya pili, shauri yangu.

Jumatatu, 14 Aprili
Mamlaka iliyoruhusu muungano iliweka sharti: abiria wanaounganisha ndege walindwe, wasiachwe njiani. Nililisikia redioni kwa masikio yangu. Nimepiga simu ofisi ya ndege Nairobi. Dada mpole sana. Sharti ni kwa njia zilizotajwa, Wajir haimo. Nikamwambia asante. Asante ya nini? Nimejichukia mchana kutwa.

Mvua haikomi. Barabara imekatika Modogashe, malori yamekwama huko. Hata basi la Nairobi hakuna.

Jumamosi, 19 Aprili
Uwanjani tangu adhuhuri, kopo la nyirinyiri mapajani. Ndege haikuja. Ati abiria ni wachache, tungoje ya Jumatatu. Zamani ningevuka tu hadi dirisha la wale wengine. Wale wengine ndio hawa hawa sasa.

Jumapili, 20 Aprili
Ya Lusaka imeondoka. Kwenye kompyuta ya Abdi nimeandikwa sikutokea. Mimi! Tiketi imekufa, na nyingine sina uwezo nayo. Nimelia mbele ya Abdi bila haya. Akaniletea maji.

Jumanne, 22 Aprili
Msichana. Uchungu ulimwanza mapema, wakampasua. Wote wazima, alhamdulillahi. Mumewe anasema alipokuwa akizinduka aliniulizia, "Hooyo amefika?" Wakamwambia yuko njiani. Nina hasira na kila mtu, na hakuna wa kumgombeza.

Jumapili, 1 Juni
Leo arobaini ya uzazi ya Hodan. Amemtoa mtoto nje, jirani yake ndiye aliyembeba. Nimewaona kwenye simu kidogo, kisha mtandao ukapotea.

Nimefungua kopo. Haijaharibika. Nyirinyiri hukaa miezi, ndiyo maana huwa tunawapikia wasafiri. Nimeila kijiko kimoja na chai. Chumvi imekolea. Nimefunga kopo tena, nikalirudisha kando ya begi la safari, karibu na mlango.