Swami Karunadas, Tuliyemzika kwa Jina Lingine

Mwaka umekatika, Profesa, tangu ulipofumba macho katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Shituru, Desemba ile ya vita, homa imekula mwili wako na barabara ya kuletea dawa imefungwa.

Ulizaliwa Ubelgiji, ukabatizwa Philippe. Ujanani ulikwenda India, ukanyoa kichwa, ukawa mtawa wa Kihindu, ukapewa jina la Swami Karunadas. Baadaye chuo kikuu kilikuajiri kufundisha anthropolojia, elimu ya desturi za watu. Ulikuja kwetu kujifunza jinsi wavuvi wa ziwa Tshangalele wanavyowalilia wafu wao. Ulisema utakaa mwezi; vita vya Katanga vikakufungia njia, nawe ukageuka mtu wa nyumbani.

Tunakumbuka bukari yako, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo bila samaki, na wimbo wako penye bomba la maji alfajiri, miguu peku. Watoto walikuita Baba Kwanini, maana hukuchoka kuuliza. Lakini mama yake Firmin, mwenye nyumba yetu, alipofariki, hukuuliza neno. Uliifunga kalamu, ukaketi chini pamoja na wanawake, ukalia mpaka macho yakavimba.

Ulimwomba Firmin jambo moja tu: "Minye nikifa, munizike na nguo yangu ya utawa, na jina langu la utawa."

Akakushika mkono. "Profesa, weye ni ndugu yangu. Naapa, nitafanya."

Siku uliyofariki, askari wa Kihindi wa ONU, Umoja wa Mataifa, walikuwa wanapigana na askari wetu wa Katanga mjini Elisabethville, na huku kwetu mtu akisikia neno "Muhindi" alitema mate. Hortense, mke wa Firmin, alikuwa amekwisha kuipiga pasi nguo yako ya rangi ya chungwa. Ndipo jirani yetu Léon akabisha hodi na wanaume wenzake. Ndugu yake Léon aliuawa na ONU Septemba ya mwaka ule. Firmin alipowaona mlangoni, alidhani wamekuja kwa kisasi.

"Firmin," Léon akauliza, "huyu muntu munamuzika namna gani?"

"Ni monsieur Philippe," Firmin akajibu haraka. "Mubeleji. Mukatoliki sawa siye."

Léon akaondoka na wenzake. Firmin akaipokonya nguo mikononi mwa mkewe, akaisokomeza ndani ya jiko la mbabula lenye makaa. Hortense akamshika shati akilia, "Uliapa, baba Berthe! Uliapa!" Hakusikia. Akakuvika suti yake ya harusi. Ukazikwa kwa nyimbo nzuri, chini ya msalaba ulioandikwa Philippe.

Watu walimsifu Firmin kwamba amemzika mgeni kwa heshima. Naye kila akisifiwa aliinuka na kuondoka. Akaacha kupita njia ya makaburini. Mezani hakuweza kumtazama Hortense, na binti yao Berthe alipouliza kwa nini Baba Kwanini alivalishwa viatu, alitoka nje bila kumaliza bukari.

Mwezi uliopita, alipojua tunataka kuandika tangazo hili la kumbukumbu, alikwenda kwa Léon ili jirani asikie kwake kabla ya kusoma. Vita havijaisha, lakini alikwenda. Akamweleza yote.

Léon akasema: "Firmin, siye tulikuwa tunajua. Ndugu yangu alipokufa, Profesa alikuja na ile nguo yake, akakaa na minye chini siku yote. Akaniambia jina lake. Akaniambia, hao askari ni bantu ba inchi iliyonipokea, nakuomba pole. Siku ile tulikuja kubeba jeneza. Nilitaka kujua tu, kwa desturi gani."

Firmin akakosa pa kuuweka uso wake.

Nasi hatuna la kujitetea, Profesa. Firmin alidanganya peke yake, lakini nyimbo zile tuliziimba sote, tukijua. Wewe ulililia maiti yetu kama tunavyolia sisi. Yako tukaionea haya.

Wanaokukumbuka ni Hortense, uliyemwita Mama. Berthe na ndugu yake Adrien, ambao bado wanauliza kwa nini. Léon na jamaa yake. Na Firmin, mwenye nyumba, aliyeomba mwenyewe atajwe mwisho.

Tutakukumbuka daima, na sasa kwa jina lako.