Maelfu Walisubiri Nikate Uzi

Mwaka umetimia, mwanangu, tangu gitaa lako lirudi nyumbani bila wewe, na ule uvumi bado unanipigia hodi.

Aliuleta mteja aliyekuja kupunguziwa gauni. "Mama Msanii, hujasikia? Mwanao huko ughaibuni anawachekesha watu kwa umaskini wako. Ameirekodi hiyo cherehani yako mbovu, anawapigia jukwaani, ukumbi mzima unaangua kicheko." Nikacheka naye, lakini pini ilinichoma kidole.

Nikasema, kumbe ndiyo maana! Tangu ule wimbo uliowaudhi wakubwa ukufungie njia ya kurudi, ulikuwa ukinipigia simu kila Jumapili. Salamu mbili tatu, kisha, "Mama, weka simu mezani, wewe shona tu. Usikate." Nami nashona. Ulisema, "Huku kwenye ziara kila mji ni hoteli ile ile, shuka zile zile nyeupe. Naamka sijui niko wapi. Nikisikia mguu wako kwenye pedali, najua nilikotoka." Ukasema pia kwamba nchi haibebeki, lakini mlio wake unabebeka.

Baada ya uvumi sikuweka tena simu mezani. Ulipopiga nilisema nina wageni. Sikukuuliza kitu. Miezi minne hivyo hivyo, mpaka kile kifua ulichokificha, ukikohoa na kusema "mimi mzima", kikakuangusha.

Gitaa lililetwa na mpiga ngoma wenu, yule mliyemwita Kijiti. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akafungua simu yake, nikaona. Ukumbi mkubwa, watu hawana idadi, taa zimezimwa. Ikaanza cherehani yangu. Mwanangu, hakuna aliyecheka! Watu wazima wamesimama kama wako kwenye ibada. Ndipo gitaa lako likaingia taratibu, kama mtoto anayeingia chumbani mama yake akiwa kazini.

Katikati, cherehani ikanyamaza. Nawe ukanyamaza. Ukumbi mzima ukashika pumzi. Nikashika na mimi, halafu nikakumbuka: pale nilikuwa nakata uzi tu. Maelfu ya watu wasionijua walinisubiri nikate uzi.

"Mama," Kijiti akasema, "wanasema mimi ndiye mpiga ngoma. Uongo mtupu. Sote tulikuwa tunakufuata wewe. Tena wewe hujakosea hata siku moja, mimi nakosea kila wiki."

Nikamuuliza, miezi ile ya mwisho alisemaje juu yangu?

"Alisema mama ana kazi nyingi siku hizi, tusimsumbue. Tukaendelea na ile rekodi ya zamani."

Ulinisitiri, baba, na mimi ndiye niliyekunyima.

Unakumbukwa na mimi mama yako, dada yako mwalimu na shemeji yako, mjomba aliyekununulia nyuzi za kwanza, wapwa wako watatu wanaogombania gitaa, na Kijiti, ambaye sasa ni wa hapa hapa nyumbani. Hatutachoka kukukumbuka. Kila Jumapili saa yako ikifika, nashona.

Na nyinyi mlio na watoto mbali, mimi niliyeungua nawaambia, epukeni haya:

Kuamini habari za mwanao kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo.
Kununa kabla ya kumuuliza mwenyewe.
Kusema una wageni, na huna.
Kukubali "mimi mzima" kwa mtu anayekohoa.
Kukata simu kabla hajakata yeye.