Upawa wa Kwanza wa Mawese ya Lweba

Ndugu zangu wa kinu cha Lweba, wenzangu katika jasho na moshi, mmeniruhusu nisome kabla kikao hakijafungwa. Nitasoma. Lakini maneno haya nimemwandikia mama yangu, aliyekuwa kiongozi wenu. Nanyi sikilizeni.

Mama,

Tangu tukuzike, michikichi imezaa vizuri. Vijana wanakata mikungu, ngazi, yale matunda mekundu ya michikichi, zinachemka kwenye pipa, watu wanazungusha mti wa kinu kama zamani. Bidoni, yale madumu ya mawese, zinafungwa sawasawa, zinawekwa mbali na jua, kisha zinapelekwa sokoni mjini Baraka. Mpita njia angesema hakuna kilichoharibika.

Kimeharibika, Mama.

Ulikuwa na desturi moja. Mawese yakishapanda juu ya maji, upawa wa kwanza hauuzwi. Ni wa mzazi mpya, yeyote aliyejifungua karibu nasi. Chuoni Bukavu nilifundishwa kwamba ule wekundu unapita katika maziwa ya mama na kulinda macho ya mtoto. Nilirudi nikakuhutubia jikoni, majani ya muhogo yakiwa motoni. Ukacheka: "Profesa, koroga sombe kwanza, inaungua."

Mwezi uliopita alijifungua Furaha, mke wa mfugaji aliyeshuka kutoka milimani na ng'ombe wachache waliobaki. Akamtuma mama mkwe wake na kikombe. Mama Mudogo, ndugu yako aliyerithi nafasi yako, akafunika chungu. "Batu ya mulima bakunywe maziwa ya ng'ombe yabo," akasema. "Siye hatuna mawese ya kutupa." Watu wakacheka. Yule bibi akaondoka na kikombe kikavu.

Najua tulichopoteza. Mama Mudogo alimzika mwanawe katika vita hivi vyetu na watu wa milimani, na mimi nilishika jeneza. Machozi yake siyapingi. Napinga mtoto mchanga kudaiwa damu ambayo hakuimwaga. Sheria hiyo aliipitisha nani? Katika kikao kipi? Na milimani nako, mama aliyefiwa akisema vivyo hivyo juu ya watoto wetu, tutamjibu nini?

Nakumbuka mwanamke wa milimani aliyekuja mvua ikinyesha. Ulimjazia kikombe, ukamuuliza jina la mtoto, basi. Mtu mmoja akanung'unika. Hukuinua hata macho: "Ule mutoto alikukosea nini? Jana tu ndio amezaliwa."

Juzi, hapa kikaoni, nilidai desturi irudi kwa kila mzazi, bila kuuliza ameshuka kutoka wapi. Mwenye kinu akaniambia, "Mutoto wetu, chuo imekuharibu. We unaenda kurudia Bukavu, siye tunabaki hapa na hawa batu." Mama Mudogo hakunitazama, na hadi leo hatujasalimiana. Kura imeahirishwa. Naogopa, Mama. Askari barabarani nimewazoea. Kuwaogopa walionibeba mgongoni sijazoea. Ungekuwepo...

Hupo.

Pumzika, Mama. Nakuahidi jambo moja: wakikubali au wakikataa, fungu langu la mawese litafika kwa Furaha, mchana, kwa njia ya katikati ya kijiji, kila mtu akiona.

Nanyi ndugu zangu, kura ni Jumamosi, hapa kinuni, saa mbili asubuhi, kabla ya moto kuwashwa.